Mtindi wa Nyumbani Usipoganda, Ukitoa Maji au Ukinuka: Dalili, Sababu na Marekebisho

Anayegandisha mtindi nyumbani hukutana na matatizo yale yale, awe anapikia jiko la mkaa Tandika au jiko la gesi Limuru. Maziwa hubaki maziwa hadi asubuhi, au huganda lakini yakawa mepesi, au hujitenga na kuelea maji ya kijani-njano, au hutoa harufu inayomfanya mtu asite na kijiko mkononi. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu zimetajwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra, na ukaguzi rahisi umetangulia ule unaohitaji muda au vifaa.

Lipo jambo moja la kushika tangu mwanzo. Mtindi ukiharibika, watu wengi hulaumu chachu kwanza, yaani ule mtindi kidogo unaotiwa kwenye maziwa ili yagande, wakaenda kununua nyingine na kurudia kila kitu vilevile. Mara nyingi zaidi kosa limo kwenye joto, na joto likiwa sahihi kosa limo kwenye maziwa yenyewe. Kwa hiyo kagua joto, kisha maziwa, kisha chachu, kisha vyombo, na ubadilishe jambo moja tu kwa kila mara unapogandisha, kwa sababu ukibadilisha matatu kwa pamoja na mtindi ukakubali, hutajua ni lipi lililouponya.

Njia ya kawaida, ili uwe na cha kulinganisha

Lita 1 ya maziwa freshi hupashwa moto hadi nyuzi 85 za Selsiasi na kushikiliwa hapo kwa muda wa dakika 30, huku yakikorogwa ili yasishike chini. Baada ya hapo hupozwa hadi nyuzi 43 hivi, huchanganywa na vijiko 2 vya mezani vya mtindi ulio hai, hufunikwa, na huachwa mahali pa joto kwa saa 5 hadi 8 bila kutikiswa. Yakishaganda huingizwa kwenye jokofu na kuachwa humo kwa saa kadhaa kabla ya kuliwa.

Kinachotendeka ndani ya chombo ni kazi ya bakteria wa aina mbili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, ambao hula sukari ya asili ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Kadiri asidi inavyoongezeka, kipimo cha pH hushuka kutoka karibu 6.7 hadi 4.6, na hapo ndipo protini ya kaseini hushikamana na kuyafunga maji ndani yake. Bakteria hao hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 40 na 45. Chini ya hapo huzorota, na joto likizidi nyuzi 50 kwa kiasi huanza kufa.

Mtindi uliokamilika hutambulika bila kuuchokonoa. Inamisha bilauri kidogo: mtindi huachana na ukuta wa bilauri ukiwa kipande kimoja, uso wake ukiwa laini na wenye kung'aa, na pale ulipoachana huonekana mchirizi mwembamba wa maji. Kama kilichomo kinafuata mwinamo kama maziwa, bado.

Dalili: saa 8 zimepita na maziwa hayajaganda

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa kuliko yote, na uchunguzi wake huanzia kwenye ladha. Chukua tone moja kwa ncha ya kijiko safi. Kama maziwa yana utamu wa maziwa yaliyochemshwa na hayana ukali wowote, bakteria wamekufa au wamezuiwa kufanya kazi. Kama yana ukali kidogo, bakteria wako hai ila wamepata baridi au wamekosa muda. Hali mbili hizi hazifanani marekebisho, na tofauti hiyo ndogo ya ladha huokoa maziwa mengi. Ladha hii hupimwa tu kwa maziwa yaliyochemshwa vizuri na ambayo hayana harufu mbaya wala mapovu.

Sababu ya kwanza ni chachu kuwekwa kwenye maziwa yenye moto. Wengi hutumia kidole, na kipimo hicho kina ukweli ndani yake: kidole safi kikiweza kukaa kwenye maziwa hadi uhesabu kumi taratibu bila kulazimika kukitoa, joto liko karibu na linalotakiwa. Shida ni kwamba mikono iliyozoea jiko huvumilia zaidi ya mikono mingine, na juu ya sufuria hupoa kabla ya katikati. Koroga maziwa kwanza ndipo upime, na kama uwezo upo nunua kipimajoto cha jikoni, kwa kuwa hakuna kifaa kingine kinachopunguza hasara kwa kiasi hicho. Vilevile usiimwage chachu yote sufuriani moja kwa moja. Ilainishe kwanza kwenye kikombe kwa maziwa kidogo ya vuguvugu, kisha irudishe.

Sababu ya pili ni baridi, na hii huwapata zaidi wakazi wa Njombe, Makete, Lushoto na Nairobi kati ya Juni na Agosti. Kanga na blanketi huzuia joto lililopo lisitoke, lakini hazitoi joto jipya. Maziwa yakifunikwa yakiwa na nyuzi 38 kwenye bakuli dogo la bati, yatakuwa yamepoa kabla bakteria hawajashika kasi. Hata Dar es Salaam, ambako chumba kinaweza kuwa na nyuzi 30, joto hilo bado liko chini ya lile wanalolitaka, ndiyo maana mtindi wa huko hukubali lakini kwa kuchelewa. Tumia hotipoti, ila ioshe kwanza kwa maji ya moto na kuyamwaga, kwani hotipoti baridi hunyonya joto la maziwa mara tu yanapoingia. Njia nyingine ni kuviweka vikombe ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya nyuzi 45, kuifunika, na kuizungushia blanketi. Kiasi kikubwa cha maziwa hutunza joto kuliko kidogo, kwa hiyo lita 2 pamoja ni rahisi kugandisha kuliko vikombe vinne vilivyotawanyika mezani. Kama maziwa yako yameshaanza ukali, yarudishe kwenye joto na uyaongeze saa 2 hadi 4. Mara nyingi yatakubali.

Sababu ya tatu ni chachu isiyo hai au isiyofaa. Soma lebo ya mtindi ulionunua. Baadhi ya bidhaa hupashwa moto tena baada ya kugandishwa ili zikae muda mrefu dukani, na kwa kufanya hivyo bakteria wote huuawa. Nyingine uzito wake hutokana na wanga au jelatini. Chagua mtindi mtupu, usio na sukari wala matunda, ulioandikwa kuwa una bakteria hai na ambao tarehe yake bado iko mbali. Kuna kosa lingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Maziwa lala (maziwa ya mgando) ya pakiti hugandishwa kwa bakteria wa jamii nyingine, wanaopenda nyuzi 20 hadi 30. Ukiyatumia kama chachu na kuyaweka kwenye hotipoti ya nyuzi 43, utakuwa umewapa joto wasilolipenda, na matokeo yake ni maziwa mepesi au yasiyoganda kabisa. Chachu ya maziwa lala iwekwe kwenye maziwa yaliyopoa hadi joto la kawaida la chumba, kisha yaachwe mezani yakiwa yamefunikwa kwa saa 16 hadi 20.

Chachu ya nyumbani inayorithishwa kutoka pishi moja hadi jingine nayo huchoka. Uwiano wa wale bakteria wawili hubadilika, na wageni huingia taratibu. Ukiona kila pishi linachukua muda mrefu kuliko lililotangulia, anza upya na chachu mpya. Chota ya kesho kabla hujatia sukari au matunda kwenye ya leo.

Sababu ya nne ni mabaki ya dawa za mifugo. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa dawa kama penisilini huendelea kutoa dawa hiyo kwenye maziwa kwa siku kadhaa, kutegemea aina ya dawa, na kuchemsha hakuiondoi yote. Bakteria wa mtindi huathirika kwa kiasi kidogo sana cha dawa hizo. Ukaguzi wake hauhitaji maabara. Chukua bilauri mbili safi, jaza moja kwa maziwa unayoyashuku yaliyochemshwa na kupozwa, na nyingine kwa maziwa ya pakiti yasiyo na kitu kilichoongezwa. Tia chachu ile ile kwa kiasi kile kile, na uziweke pamoja ndani ya maji ya joto. Ya pakiti ikiganda na nyingine ikabaki tamu, chachu yako haina hatia na joto lako ni sahihi. Kuna kitu ndani ya maziwa. Kinaweza kuwa dawa ya mifugo, au kemikali ambayo mchuuzi asiye mwaminifu ameitia ili maziwa yasichachuke njiani.

Simama hapa matokeo hayo yakijirudia. Usiendelee kuongeza chachu na usiwape watu maziwa hayo, hasa aliye na mzio wa penisilini. Zungumza na mfugaji kwa heshima, kwani wengi wao hawajaelezwa muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ya dawa, na umshirikishe bwana mifugo wa eneo lenu. Kama ng'ombe ni wako, daktari wa mifugo ndiye wa kukuambia ni siku ngapi maziwa yamwagwe.

Sababu ya mwisho, nayo ni ya nadra, ni mabaki ya sabuni au klorini kwenye chombo. Suuza mara mbili kwa maji safi, kisha maji yanayochemka.

Je, maziwa yaliyokataa yanaweza kuokolewa? Kama umegundua ndani ya saa 4 za mwanzo na yananukia vizuri, yapashe hadi nyuzi 43 na uongeze chachu mpya. Kama yamekaa kwenye joto saa 8 au zaidi bila kupata ukali wowote, yamwage. Maziwa ya vuguvugu yasiyo na asidi ni mazingira mazuri kwa vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa na ambavyo baadhi hutoa sumu isiyoharibika kwa moto. Hasara ya lita moja inauma, lakini ni ndogo kuliko ya familia nzima kuumwa tumbo.

Dalili: mtindi umeganda lakini ni mwepesi

Kwanza angalia muda na joto la kupasha. Watu wengi huyafikisha maziwa kwenye mchemko, yanapopanda huipua mara moja, wakaamini kazi imekwisha. Kuua vijidudu kwaweza kuwa kumekwisha, lakini uzito wa mtindi unategemea jambo jingine. Protini za maji ya maziwa zinahitaji muda kwenye joto ili zifunguke na kujishika kwenye kaseini, na zikishajishika ndipo mtindi unaweza kubeba maji yake bila kuyaachia. Ndiyo maana dakika 30 kwenye nyuzi 85, au dakika 10 kwenye nyuzi 90 hadi 95, hubadilisha mtindi waziwazi kutoka pishi moja hadi jingine. Asiye na kipimajoto aangalie pembeni mwa sufuria: vipovu vidogo vikizunguka ukingo na mvuke ukipanda mfululizo, huku katikati pakiwa pametulia, joto liko karibu na hapo. Punguza moto ulibakize hivyo. Mkazi wa Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, hana haja ya kuhofu, kwa kuwa kinachotakiwa kiko chini ya mchemko wake.

Pili, maziwa yenyewe huenda yametiwa maji au yametolewa malai. Mwenye laktomita, kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji, atarajie kipimo kati ya 1.026 na 1.032 kwenye nyuzi 20. Kikishuka chini ya hapo kuna maji. Kipimo hicho hudanganywa kirahisi, kwani kutoa malai hukipandisha na kutia maji hukishusha, na aliyefanya yote mawili anaweza kupita salama. Wengine huongeza unga ili maziwa yaonekane mazito. Kwa hilo, chemsha kijiko kimoja cha maziwa, yapoze kabisa, na dondoshea tone la tinkcha ya ayodini ya duka la dawa. Rangi ya bluu au nyeusi inaonyesha wanga. Sampuli hiyo imwagwe, isionjwe.

Tatu ni aina ya maziwa. Ya pakiti yaliyopikwa kwa joto kali ili yakae muda mrefu nje ya jokofu hugandika, ila kwa ulaini zaidi. Ya mbuzi hutoa mtindi mlegevu kwa sababu mpangilio wa kaseini yake ni tofauti. Ya ngamia karibu hayagandi kuwa kipande, na jamii za kaskazini mwa Kenya huyanywa yakiwa mepesi hivyo hivyo baada ya kuchachuka, kwa hiyo mwenye maziwa ya ngamia asihangaike kutafuta mtindi wa kukatwa kwa kijiko.

Marekebisho ya haraka ni kuongeza maziwa ya unga, gramu 30 hadi 40 kwa lita, yaliyolainishwa vizuri kabla ya kupashwa moto. Marekebisho ya mtindi ambao tayari ni mwepesi ni kuuchuja: uumimine kwenye kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, kitundike juu ya bakuli ndani ya jokofu, na baada ya saa 2 au 3 utaona tofauti. Maji yanayotoka yafaa kukandia unga wa chapati.

Dalili: maji mengi yanaelea juu

Maji kidogo ni ya kawaida. Yakoroge yarudi ndani, kwani yana protini na madini. Yanapokuwa mengi kiasi cha mtindi kuonekana umezama, sababu ya kawaida ni kuachwa kwenye joto kupita muda. Anayeweka saa mbili usiku na kuamka saa moja asubuhi amempa bakteria saa 11, na asidi imeendelea kukaza ile protini hadi ikakamua maji yake. Weka mapema zaidi, au punguza joto kidogo. Sababu inayofuata ni kutikiswa wakati wa kuganda: kufunua kila nusu saa, kuhamisha hotipoti, watoto kuigonga. Baada ya hapo ni chachu nyingi kupita kiasi. Kuna dhana kwamba chachu zaidi huleta mtindi mzito; ukweli ni kwamba huleta asidi ya haraka na mfumo dhaifu, kwa hiyo baki kwenye vijiko 2 kwa lita. Kama yote haya yako sawa, rudi kwenye upashaji moto ulioelezwa hapo juu.

Dalili: chengachenga mdomoni

Chenga laini zilizoenea mtindi mzima hutokana na joto la juu mno wakati wa kuganda au chachu iliyozidi. Chenga chache zilizo kubwa ni utando wa maziwa ambao haukuchujwa, au maziwa ya unga yaliyobaki na mabonge. Chuja maziwa kwa chujio la chai kabla ya kutia chachu. Mtindi huu ni salama, na ukipigwa kwa mchapo hulainika vya kutosha kunyweka.

Dalili: maziwa yamekatika sufuriani kabla ya kutia chachu

Hapa mtindi haujaanza hata kuharibika. Maziwa yalifika nyumbani yakiwa yameshapata asidi, na moto umeionyesha tu. Dumu la plastiki lenye mikwaruzo ndani ndilo mtuhumiwa wa kwanza, kwa kuwa hakuna brashi inayofika kwenye mikwaruzo hiyo, na bakteria wa jana huyapokea maziwa ya leo. Beba chombo cha chuma kisichoshika kutu au cha aluminiamu chenye mdomo mpana, na uchemshe maziwa mara yafikapo. Sababu nyingine ni dang'a: ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita hutoa maziwa yenye protini nyingi yanayokatika kwenye moto, na hayo ni haki ya ndama. Ya tatu ni ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba huwa na chumvichumvi na mabonge, na wakati mwingine yana alama za damu. Maziwa ya namna hiyo yasitumike kwa chochote, na ng'ombe aonwe na daktari wa mifugo.

Dalili: mtindi unavutika na kuteleza

Ukiinua kijiko na mtindi ukafuata kwa uzi mrefu, kuna aina za bakteria wa mtindi ambao kwa asili yao hutoa utelezi huo, na viwanda huwachagua kwa makusudi ili mtindi uwe mzito. Baridi wakati wa kuganda huuzidisha. Kama harufu ni safi na ladha ni ya ukali wa kawaida, ulike, na mara nyingine pandisha joto karibu na nyuzi 43. Kama utelezi umeambatana na harufu ya uozo, mwaga wote pamoja na chachu iliyobaki.

Dalili: mchungu, wa chumvi, au mkali kupita kiasi

Ukali uliozidi ni muda uliozidi, au jokofu lililochelewa. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, mtindi huendelea kuchachuka humo ndani, na kama harufu na rangi yake havijabadilika utafaa kwa mapishi. Uchungu ni habari nyingine. Mara nyingi unatokana na maziwa mabichi yaliyokaa siku kadhaa kwenye baridi kabla ya kuchemshwa, kwani kuna bakteria wanaokua hata kwenye jokofu, na vimeng'enya vyao huvumilia moto na kuendelea kuikata protini hadi ladha ikawa chungu. Tumia maziwa ya siku hiyo hiyo. Chumvichumvi iashirie kiwele kama ilivyoelezwa. Ladha ya moshi au kuungua hutoka chini ya sufuria nyembamba, na dawa yake ni sufuria yenye kitako kizito na mwiko usiotulia.

Wanaogandishia kwenye kibuyu waangalie jambo moja la hatari. Kibuyu kipya ambacho nyama yake ya ndani ni chungu kina sumu ya asili ya mmea huo, na uchungu huo hupita kwenye maziwa. Mtindi uliotoka kwenye kibuyu kipya ukiwa mchungu usinywewe, hata kama rangi na harufu yake vinavutia.

Dalili: mapovu, gesi, fangasi au rangi ngeni

Hapa hakuna marekebisho wala kuonja. Vitundu vya hewa ndani ya mtindi, kifuniko kilichovimba au harufu ya pombe huonyesha hamira za hewani, na harufu ya kinyesi au uozo huonyesha bakteria wa uchafu. Fangasi wa kijani, weusi au wenye manyoya, pamoja na mabaka ya waridi au ya machungwa, yote yanamaanisha mtindi wote umwagwe. Kukwangua sehemu ya juu hakusaidii, kwa kuwa mizizi ya fangasi hushuka chini kwenye kitu laini kuliko jicho linavyoona. Kabla ya kuanza upya, chemsha vyombo, kijiko na kitambaa kwa dakika 10, tupa chachu ya zamani, na chunguza kama unagandishia karibu na unga wa maandazi uliotiwa hamira au karibu na ndizi zilizoiva sana, kwa sababu hamira husafiri hewani.

Wakati wa kuacha kujitibu

Asidi ya mtindi haitoshi kuyafanya maziwa mabichi kuwa salama. Vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kuwemo kwenye maziwa ya ng'ombe anayeonekana mzima, na kuchemsha kabla ya kutia chachu ndiko kunakovimaliza. Aliyekuwa akila mtindi wa maziwa mabichi, kisha akapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo au mgongo, aende hospitali na amweleze daktari waziwazi kuhusu maziwa hayo, kwa maana dalili hizo hufanana na za malaria na ugonjwa unaweza kupita bila kupimwa. Baada ya kula mtindi ulioshukiwa, kuharisha damu, kutapika kusikokoma, homa kali, au mtoto kulegea na kukosa mkojo ni mambo ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga dhaifu wasisubiri hata dalili zizidi.

Na anayegandisha kwa ajili ya kuuza asitegemee mwongozo huu peke yake. Tanzania, biashara ya maziwa husimamiwa na Bodi ya Maziwa na ubora wa bidhaa na Shirika la Viwango (TBS). Kenya ipo Kenya Dairy Board. Tatizo likijirudia mara tatu mfululizo kwenye mtindi wa kuuza, simamisha mauzo, tenga sampuli ya maziwa na ya mtindi kwenye chupa safi ndani ya jokofu, andika tarehe, jina la mfugaji, joto na muda uliotumia, kisha uvipeleke pamoja kwa afisa mifugo au maabara ya chakula.